Tuliokaa kwenye kamati na kupitisha vibali kando ya kinamasi, tuambizane ukweli

#1 Mwanamafunjo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Nimekaa miaka sita kwenye kamati ya mazingira ya mji mdogo. Kazi ya kujitolea, vikao viwili kwa mwezi, simu za lawama usiku. Muda wangu umeisha, kwa hiyo naweza kusema bila kuonekana natafuta kura.

Nilipoingia niliamini adui wa kinamasi ni mtu anayejenga kwa kujificha. Wapo, lakini hao tuliwapata kirahisi, majirani hawana siri. Vinamasi tulivyopoteza hasa ni vile vyenye kibali. Mhuri upo, sahihi ipo, masharti yapo. Kinamasi ndiyo hakipo.

Inavyokwenda ni hivi. Mwombaji analeta mchoro. Una mstari wa buluu unaoonyesha kinamasi kinaishia wapi, na mwingine wa vitone wa eneo la tahadhari. Tunaibishania mistari hiyo saa mbili nzima. Mmoja anataka mita thelathini, mwingine hamsini. Tunaelewana, tunaandika masharti kumi na mawili, mwenyekiti anasaini. Karatasi inaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini, na kule shambani hakuna hata kigingi kimoja kinachomwonyesha dereva wa tingatinga kwamba mstari wa buluu ndio huu hapa. Dereva hajawahi kuona faili. Ameambiwa "sawazisha mpaka kwenye yale majani", na majani yenyewe kila wiki yanarudi nyuma.

Mwaka wangu wa tatu nilikwenda kutazama mahali palipopewa kibali kabla sijaingia kamati. Faili lilisema ukuta utakuwa mita 25 kutoka kwenye maji. Nikapima kwa futikamba. Mita 25 kamili! Mwenye ukuta hakudanganya, ila kinamasi chenyewe kilikuwa kimesukumwa kwa kifusi, lori baada ya lori, na ukuta ukakifuata kwa heshima zote.

Hoja yangu ni moja: kibali kisicho na mpaka unaoonekana ardhini, wala tarehe ya mtu kurudi kukagua, ni karatasi tu. Bora tungepitisha vibali nusu ya vile na kuvifuata vyote. Karibuni tubishane.

#2 Kambare Mkavu

Nimeweka kambi. Hiyo ya ukuta kukifuata kinamasi nimecheka peke yangu kama chizi.

#3 Mzee wa Bikoni

Mimi ni mpima ardhi, nimechora mistari ya buluu mingi tu. Naunga mkono hoja, ila nikutie ndimu kidogo mkuu: tatizo linaanza kabla ya mchoro kufika kwenu.

Mteja ananiita lini? Kiangazi. Gari linapita, nyasi zimelala, kazi inaisha siku moja. Nikipima maji yanapoishia siku hiyo, nimempa mteja robo ya kinamasi kama kiwanja. Si rushwa wala hila, nimepima nilichokiona. Wapimaji wachache sana hurudi masika kuhakiki, maana hakuna anayelipia safari ya pili. Kamati nazo zilizowahi kuniuliza "ulipima tarehe ngapi?" nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya mita ngapi ni kipimo kimefanyika msimu gani.

#4 Mlalahoi

Samahani wakuu, mimi nipo upande wa pili. Kiwanja ni cha marehemu baba. Miezi minane kwa mwaka ni pakavu, watoto wanachezea mpira. Ikija mvua panalowa, kama pengine popote. Halafu watu wanakuja na kofia na kalamu wanasema hii ni ardhi oevu, usiguse.

Mita zenu ziko kwenye urithi wangu. Nani ananifidia? Tajiri akitaka kujenga anaajiri mtaalamu, analeta ripoti nene kama matofali, anapita. Mimi nikitaka chumba na sebule naambiwa nimeharibu makazi ya vyura.

#5 Mwanamafunjo

@Mlalahoi, hapo kwa tajiri na ripoti nene sina cha kukubishia. Imetokea mbele yangu. Ripoti ya kurasa 200 inafika siku nne kabla ya kikao, wajumbe wa kujitolea wana kazi zao, nani ataisoma? Tunasoma muhtasari, na muhtasari huandikwa na aliyelipwa na mwombaji. Kisha anakuja mtu mwenye mchoro wa mkono na chumba kimoja, huyo ndiye tunamhoji mpaka anatoka jasho. Ni aibu yetu, naikubali.

Lakini ukavu wa miezi minane hautoshi kusema si ardhi oevu. Wanaojua udongo waje wanisaidie.

#6 Udongo Haudanganyi

Nimekuja mkuu.

@Mlalahoi ndugu yangu, ardhi oevu haitambuliwi kwa kuona maji. Zipo zenye maji wiki chache tu kwa mwaka. Wataalamu hutazama vitu vitatu pamoja: dalili za maji, mimea inayovumilia mizizi kukosa hewa (matete, mafunjo, jamii za ndago), na udongo wenyewe. Maji huondoka, mimea hufyekwa, lakini udongo hutunza kumbukumbu.

Maji yakituama, hewa inakwisha udongoni. Vijidudu vilivyomo havifi, vinaendelea kupumua kwa kutumia chuma mahali pa oksijeni. Chuma kikibadilishwa hivyo kinayeyuka na kuhama na maji, udongo unabaki kijivu kama majivu yaliyolowa. Maji yakishuka, hewa inapenya kwenye vijitundu vya mizizi, chuma kilichosalia kinashika kutu. Hapo unaona madoa na michirizi ya rangi ya chungwa ndani ya kijivu, hata katikati ya kiangazi watoto wakiwa wanacheza mpira juu yake.

Chukua beleshi, chimba urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, ukate ukuta wa shimo usafi, utazame. Kahawia moja tupu mpaka chini ni dalili nzuri kwako. Kijivu chenye kutu karibu na juu, hapo maji hukaa. Tahadhari: udongo mwekundu sana na mchanga mtupu vinaweza kuficha dalili, huko ita mtu mwenye uzoefu.

Kuhusu vyura: tope lile lile lisilo na hewa lina bakteria wanaogeuza nitrati ya mbolea na maji ya vyoo kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi hewani bila madhara. Ukimwaga kifusi, kazi hiyo inasimama na maji machafu yanashuka kwa aliye chini yako. Ndiyo maana jirani ana haki ya kuuliza unafanya nini kwako.

#7 Kambare Mkavu

Na kamongo je? Anajifukia kwenye tope likikauka, analala miezi anasubiri mvua. Ukimjengea nyumba juu yake, huyo ndiye mpangaji asiyelipa kodi.

#8 Wakili wa Kijiweni

Niongeze upande wa sheria, maana kwenye vikao nasikia "mita 60" ikitupwa kama chumvi.

Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za fukwe za bahari na maziwa, kingo za mito, na mabwawa. Soma tena orodha hiyo. Ardhi oevu imewekwa kifungu cha 56, ambapo Waziri ana uwezo wa kutangaza eneo kuwa ardhi oevu inayolindwa. Kinamasi kidogo cha mji, mbali na mto, kisichotangazwa popote, hakijifichi nyuma ya mita 60 kirahisi hivyo. Anayesimama kikaoni bila kujua tofauti hii hupigwa bao na wakili wa mwombaji dakika ya tano.

Kenya kanuni za 2009 zinasema ukingo wa mto unalindwa kati ya mita 6 na 30 kila upande, kuhesabiwa kutoka kiwango cha juu cha mafuriko kilichowahi kuandikwa. Na Katiba ya 2010, ibara ya 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kudai mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Uganda nao, Katiba ya 1995 ibara ya 237 inasema serikali, ikiwemo ya mitaa, inashikilia ardhi oevu kwa amana ya wananchi. Msingi huo ni mzito: kinamasi si mali ya halmashauri kugawa.

Wanaodhani sheria ya juu inatosha watazame Marekani. Mei 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Sackett iliyotokana na kiwanja kimoja tu karibu na Priest Lake, Idaho, ilipunguza ulinzi wa sheria ya taifa ukabaki kwa ardhi oevu iliyoungana kwa uso na maji ya kudumu. Vinamasi vingi vilivyojitenga vikaachwa nje. Majimbo yenye sheria zake yaliendelea kuvilinda, yasiyo nazo vikabaki uchi.

#9 Mwanamafunjo

@Wakili wa Kijiweni asante, hiyo ya 56 na 57 ningeijua mwaka wangu wa kwanza ningeokoa vikao viwili.

Umeitaja Marekani. Nilipoanza nilisoma sana habari za Massachusetts, kwa sababu kule kazi hii imeachwa mikononi mwa watu kama sisi. Tangu 1957 kila mji unaruhusiwa kuunda kamati yake ya uhifadhi, wajumbe watatu hadi saba, kwa kawaida hawalipwi. Ukitaka kuchimba au kujaza ndani ya futi 100 kutoka kwenye kinamasi kinacholindwa, yaani kama mita 30, unapeleka taarifa kwao, wanakaa kikao cha wazi, wanatoa amri yenye masharti. Hayo na sisi tunayo.

Kilichonivutia kiko mwishoni. Kazi ikiisha, mwenye ardhi lazima aombe hati ya kuthibitisha kwamba masharti yalitimizwa. Amri yenyewe husajiliwa kwenye masjala ya ardhi, ikaambatana na hati ya kiwanja. Ukitaka kuuza na hati ya kukamilisha haipo, mwanasheria wa mnunuzi anaiona na mauzo yanakwama. Kamati haina polisi wala gari, ila mauzo yakikwama mwenye kiwanja anaitafuta mwenyewe. Sisi tulikuwa tunamkimbiza mtu aliyekwisha kupata anachotaka.

#10 Bi Kisima

Nimesoma uzi wote, mwenye uzi ameruka jambo moja. Kaka yangu, wajumbe wenyewe!

Mji mdogo kila mtu ni shemeji wa mwenzake. Mwenye malori ya kifusi anakaa kamatini, au mdogo wake. Mimi nilikuwa karani wa kuandika mihtasari, mniulize mimi. Mjumbe anatangaza "nina maslahi katika hoja hii", kisha anabaki amekaa pale pale, mikono kifuani, anawatazama wenzake mmoja mmoja wakipiga kura. Ametimiza utaratibu? Ametangaza. Nani atanyoosha mkono kumpinga?

Nilianza kuandika kwenye muhtasari saa aliyotoka chumbani na saa aliyorudi. Asipotoka, naandika "alibaki". Neno moja tu. Mwezi wa pili walianza kutoka wenyewe, maana muhtasari unasomwa na aliyenyimwa kibali, na yeye ana wakili.

#11 Mwanamafunjo

Dada, hilo la "alibaki" nalichukua. Sikulitaja kwa sababu nami kuna kikao nilibaki. Tuliache hapo.

#12 Fundi Kalvati

Mnazungumza kifusi na nyumba, barabara mmeisahau. Nimelaza makalvati miaka mingi. Barabara ikikata kinamasi katikati, watu wanasema "maji yanapita, kuna bomba". Yanapita vipi? Ukilaza bomba juu ya usawa wa tope, upande wa juu unakuwa bwawa na wa chini unakauka. Miaka michache mafunjo ya chini yanageuka majani ya kawaida, anakuja mtu na mpimaji, "hapa si kinamasi". Anasema kweli! Kiliuliwa na bomba.

Ukiweka bomba moja jembamba mahali maji yalipokuwa yakitambaa kwa upana wote, yanatoka kwa kasi na kuchimba korongo, na korongo ni mfereji wa kukausha. Inatakiwa mabomba mapana, kadhaa, sehemu ya chini imezama kwenye tope. Bei inapanda, ndiyo, ila kamati ziangalie usawa wa bomba kwenye mchoro. Ni namba moja ndogo pembeni, hakuna anayeiuliza.

#13 Kiroboto

Hayo ya mabomba sijui, nauliza tu. Mtu akiharibu kinamasi hapa akachimba kingine kule, si ngoma droo? Nimesikia inaruhusiwa.

#14 Udongo Haudanganyi

@Kiroboto inaruhusiwa sehemu nyingi kwa masharti, na ndiyo mlango ambao vinamasi hutokea nje kwa miguu yao. Shimo lenye maji ni shimo lenye maji. Udongo ule wa kijivu haujengeki kwa mwaka mmoja, na mbegu za mimea ya maji hazipo kwenye udongo mgumu uliochimbuliwa jana. Mwaka wa kwanza kila kitu kijani, picha nzuri, ripoti nzuri. Mwaka wa tatu utakuta dimbwi lenye gugu moja, au pakavu kabisa kwa kuwa hakuna aliyepima maji ya chini ya ardhi yako kina gani. Kikikubalika, kijengwe na kithibitike kinaishi kabla kile cha asili hakijaguswa. Wengi wanakataa sharti hilo. Mjue kwa nini.

#15 Mlalahoi

Narudi. Nimewasikiliza, hasa fundi. Ila bado hamjajibu nani anafidia. Faida mnayosema inakwenda kwa mji mzima, gharama inakaa kwangu.

#16 Mwanamafunjo

Mlalahoi, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu. Jibu zuri ninalolijua linatoka tena Massachusetts, safari hii mto Charles. Baada ya mafuriko makubwa ya 1955 wahandisi wa jeshi la Marekani walitafuta jinsi ya kuukinga ukanda wa chini wa mto. Walichunguza wakaona vinamasi vya juu ndivyo vinavyoyashika maji na kuyaachia polepole. Mwaka 1974 Bunge likaidhinisha mpango: badala ya kujenga bwawa la zege, wanunue vinamasi vyenyewe au haki ya kuzuia visijazwe. Maeneo 17, zaidi ya hekta 3,200. Wenye ardhi walilipwa. Wengine walibaki na ardhi yao, wakauza tu haki ya kuijaza.

Hapo tajiri na maskini walipata kitu mkononi. Mji mdogo usio na fedha hauwezi kununua kila kinamasi, hilo najua. Unaweza lakini kukusogezea jengo upande wa juu wa kiwanja bila kukutoza ada nyingine ya mchoro, kukupunguzia kodi ya sehemu usiyoruhusiwa kuitumia, au kukubadilishia kiwanja. Kamati yangu ilifanya la kwanza mara nne. Mawili mengine tuliyaandika kwenye mapendekezo yakakaa kabatini na yale mafaili.

Nawe nikuombe. Kabla hujaamua sisi ni adui, chimba mashimo matatu kuanzia barabarani kushuka chini. Yakitoka kahawia yote, nitakuandikia mwenyewe maelezo ya kupeleka kwenye kamati yenu.

#17 Mzee wa Bikoni

Akichimba, apige picha beleshi likiwa ndani ya shimo ili kina kionekane. Aweke kigingi kila shimo. Picha bila kigingi ni picha ya tope tu, haina mahali.

#18 Afisa Asiye na Gari

Wakuu, mimi ndiye mnayemlaumu. Mkaguzi mmoja, faili zaidi ya 90 zilizo wazi, pikipiki moja tunayogawana na idara mbili. Mwanamafunjo unasema "turudi kukagua". Kwa mafuta ya nani?

Nilichofanya mwaka jana: sharti la kwanza la kila kibali kipya ni kwamba kazi haianzi mpaka vigingi vimepigwa na picha zake zimenifikia. La pili, mwenye kibali alete picha kutoka pale pale kila mwezi, pamoja na nyingine ndani ya siku mbili baada ya mvua kubwa, maana mvua ndiyo inayoonyesha kile kitambaa cheusi cha kuzuia tope kimesimama au kimelala. Asiyeleta ndiye ninayemfuata na pikipiki. Wanaodanganya wapo. Mmoja alinitumia picha ile ile miezi mitatu, mbuzi yule yule amesimama pale pale. Nilikwenda kumsalimia.

#19 Kambare Mkavu

Mbuzi apewe ulinzi wa shahidi.

#20 Mwanamafunjo

@Afisa Asiye na Gari, laiti tungekutana miaka mitano nyuma. Hilo la kazi isianze kabla ya vigingi lingemaliza nusu ya niliyoandika juu. Naomba unitumie maneno ya sharti hilo yalivyo, niwapelekee waliobaki kwenye kamati.

#21 Mlalahoi

Haya. Nimechimba leo asubuhi. Shimo la kwanza karibu na barabara, kahawia mpaka chini. La pili katikati, kahawia, chini kabisa kuna madoa kidogo ya kutu. La tatu kule watoto wanakochezea mpira, shubiri moja tu nimekuta kijivu na michirizi ya chungwa kama alivyosema mtaalamu. Sikupenda.

Kwa hiyo chumba na sebule vinaingia kati ya shimo la kwanza na la pili?

#22 Udongo Haudanganyi

Karibu na la kwanza zaidi. Na choo kiwe upande wa juu kabisa, mbali na la tatu kadiri kiwanja kinavyoruhusu. La pili lirudie masika, uone maji yanapanda mpaka wapi. Picha umepiga?

#23 Mlalahoi

Mbili za kwanza ndiyo. La tatu nimelifukia, ndama wa jirani alishaanza kulichungulia. Kesho nachimba tena, na kigingi.